Kamati ya Kupambana na Chawa

"Wakazi watukufu, wapangaji wote, wageni wenu na watoto wenu! Mnatangaziwa rasmi kwamba kuanzia saa hii jengo letu liko katika hali ya hatari, na kwamba Kamati ya Kupambana na Chawa na Maradhi ya Kuambukiza imezaliwa leo, ina afya njema, na ina nguvu zote za kisheria!"

Aliyetangaza hayo alikuwa Mwalimu Dunstan Simiyu, amesimama juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo lao la ghorofa nne pale Riverdale Park, Maryland, Marekani. Nguvu za kisheria hakuwa nazo hata chembe. Alichokuwa nacho ni kipaza sauti cha kanisa, na betri za hicho nacho zilikuwa zinakata roho, hata neno "maradhi" likatoka kama mbuzi aliyekabwa koo. Kisha upepo ukageuka, ukaleta harufu ya mapipa ya taka, na kamati nzima ikaziba pua kwa pamoja. Hilo lilikuwa jambo la kwanza na la mwisho ambalo kamati hiyo ilifanya kwa umoja.

Shida yenyewe haikuhitaji kutangazwa. Bomba la maji safi chini ya jengo lilikuwa limepasuka mapema wiki hiyo, na bomba la maji machafu, kana kwamba limeona haya kubaki nyuma, nalo likapasuka. Meneja wa jengo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwa macho, alituma ujumbe wa kuomba radhi, kisha ujumbe wa kuwashukuru wapangaji kwa uvumilivu ambao hawakuwa wamemwahidi. Mifereji ikakauka. Vyoo vikajaa. Ilikuwa Agosti, na Agosti ya Maryland ni sawa na kukaa ndani ya sufuria iliyofunikwa. Watu walikwenda kuchota maji kwa jamaa zao Silver Spring, wakayaleta kwa madumu ndani ya buti za magari, wakayanywa na kupikia. Kuoga kukawa jambo la kusimuliana.

Sasa, jengo hilo lilijaa Wakenya, Warundi na Wakongo, wengi wao waumini wa kanisa moja, na anayewajua Wakenya anajua wanachofanya wakifikiwa na janga. Hawachimbi mtaro. Wanaunda kamati. Kufikia Ijumaa jioni alikuwa amepatikana mwenyekiti, makamu wake, katibu, katibu mwenezi, mlezi, na kundi la simu lenye picha ya chawa aliyekuzwa hadi akafanana na kaa. Sabuni ilikuwa bado haijapatikana.

Nkatha alisimama nyuma kabisa ya umati na uso wa mtu aliyefika mazikoni. Alikuwa na miaka kumi na sita, na uso huo aliufinyanga katika shule ya bweni ya wasichana kule Meru, kabla mama yake hajamleta Marekani. Ulikuwa uso wa mwanafunzi mtiifu anayeyaweka maneno ya wakubwa moyoni. Nyuma ya uso huo alikuwa anacheka hadi mbavu zinamuuma.

"Wewe uko unacheka," rafiki yake Tania, aliyesimama kando yake, akamnong'oneza.

"Mimi? Mimi niko kwa maombolezo."

"Mabega yako yanatingishika."

"Ni majonzi, Tania. Kila mtu analia kivyake."

Mwalimu Simiyu aliendelea. Kabla hajawa mpanga magari katika jengo la maofisi kule Rockville, alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya wavulana karibu na Bungoma, na kwa miaka yote ya ughaibuni hakuwa amepata mtu wa kumkagua. Mikono ilikuwa inamwasha. "Pasipo na maji, chawa hawapigi hodi!" akasema. "Kwa hiyo kesho asubuhi, papa hapa, ukaguzi wa vichwa! Watu wote! Mstari mmoja! Wafupi mbele, warefu nyuma!"

Mama yake Nkatha, Makena, akainua mkono. Alikuwa muuguzi, ametoka zamu, bado amevaa nguo za kazini. "Mwalimu, chawa si shida yetu kwa sasa. Watoto wa ghorofa ya tatu wanaharisha tangu jana. Tupate maji ya kunawa na sabuni, maji ya kunywa yachemshwe, na ndoo za choo zifunikwe. Nguo tuzipeleke dobi Silver Spring, zifuliwe kwa maji moto. Hayo kwanza."

"Hoja nzito sana, Sista," Mwalimu akasema kwa upole mkubwa. "Tutaipokea kwenye mengineyo."

Kisha, kwa kuwa mkutano wa watu wenye heshima haufungwi hivi hivi, watu wakapanga duara wakasalimiana kwa mikono, kila mtu na kila mtu, pamoja na baba wa wale watoto wanaoharisha. Makena aliangalia mikono ikipita kutoka kiganja hadi kiganja, akaondoka bila kuaga.

Nkatha alilala usiku huo akiwa na furaha ya mtu aliyepewa zawadi. Ukaguzi wa vichwa! Alikuwa amesimama kwenye mistari hiyo Jumamosi baada ya Jumamosi, jua la Meru likimchoma shingo, matroni akimpasua nywele kwa rula kama anayetafuta madini. Na ni huko alikojifunza ufundi ambao haukuandikwa kwenye cheti chake chochote. Ukichukua simsim iliyokaangwa kidogo, ile ya rangi ya maji ya chai, ukainyunyiza mahali penye nywele na jasho, hakuna jicho la mtu mzima mwenye hofu litakaloona simsim. Litaona chawa. Hofu ndiyo inayowapa miguu. Nusu ya bweni ilikuwa imeshuhudia matroni akipiga mbio na shali yake mwenyewe mkononi, kama mtu aliyeshika moto.

Asubuhi, maegesho yalipangwa vizuri kuliko harusi. Pakawekwa meza yenye kitambaa, na hema la kanisa juu yake. Rula ilikuwepo. Mwalimu Simiyu alitangaza kwamba kiongozi ndiye wa kwanza kukaguliwa, ili umma uone mfano, kisha akavua kofia yake ya kijani, akaiweka mezani, akaenda kuhimiza mstari unyooke.

Nkatha akapita karibu na meza akiwa na kitambaa cha kupangusia vumbi. Alipangusa meza. Alipangusa kipaza sauti. Alipoifikia kofia, akaiachia kiganja kimoja cha simsim ndani ya mshono, akarudi mahali pake na uso wake wa mazikoni. Mpango ulikuwa safi. Mwalimu ataivaa kofia, jua litamtoa jasho, kisha ataivua mbele ya watu wote, na kipara chake, ambacho hakikuwa na hata kichaka cha kujificha, kitaonekana kimepata wapangaji wapya.

Ila Mwalimu hakuivaa. Mke wake, Mama Ethan, alikuwa amesimama juani na nywele mpya za kusukwa, misuko myembamba iliyonyooka kama mistari ya daftari. Jua lilipomzidi, akanyoosha mkono mezani, akaichukua kofia ya mumewe, akaishindilia kichwani.

Nkatha akapiga hatua moja kuelekea kwake. Akarudi mahali pake.

Mwalimu alikaguliwa, na kwa kipara kile kazi hiyo haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Akafuata Mama Ethan. Alivua kofia, akainama mbele ya katibu, Mzee Gahungu, Mrundi mmoja mpole aliyepewa rula kwa sababu alikuwa na miwani. Mzee Gahungu akaingiza rula katikati ya misuko. Akatulia. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Bon Dieu, Mungu wangu," akasema. "Iko. Iko mingi!"

Mstari ulivunjika kama glasi. Akina mama waliwavuta watoto, watu wakaanza kujikuna vichwa, migongo, hata magoti. Mama Ethan alipiga ukelele uliosikika labda hadi barabara kuu. Mtu mmoja jasiri akasogea karibu, akachungulia.

"Lakini hawasogei," akasema.

"Wanajifanya wamekufa," Mwalimu Simiyu akajibu papo hapo. "Mdudu mjanja sana huyo. Katibu, chukua vielelezo!"

Mzee Gahungu akaokota vielelezo kwa ncha ya rula, akavitia katika mfuko mdogo wa nailoni, akaufunga fundo. Nkatha alikuwa karibu kuanguka kwa kicheko. Haikuwa kofia aliyoikusudia, lakini kazi ilikuwa nzuri hata hivyo, labda nzuri zaidi. Ndipo akasikia swali.

"Mama Ethan, umesukwa wapi?"

Mama Ethan, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amezungusha kichwa mbele ya kila mtu ili asifiwe, akanyoosha kidole bila kusita. "Kwa Mama Tania. Alhamisi."

Nahimana, mama yake Tania, alikuwa amesimama katikati ya mstari na mkono kwenye bega la binti yake. Alikuwa msusi. Mchana sebule yake ilikuwa saluni ya jengo zima, na jioni alikwenda kusafisha maofisi. Tangu majira ya kuchipua Tania hakuwa na hadithi nyingine ila hii: harusi moja kubwa ya Silver Spring ilikuwa imemkabidhi mama yake vichwa vyote, kuanzia bibi harusi hadi watoto wa kubeba maua, na harusi hiyo ikienda vizuri, mama ataacha maofisi na kukodi kiti katika saluni ya kweli, yenye kioo na jina mlangoni. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata.

"Si hao walitoka kambi ya wakimbizi?" sauti ikauliza.

"Huko chawa ni kitu cha kawaida."

"Mimi nilijua tu. Nilisikia kichwa kinaniwasha tangu Pasaka."

Waliosema hivyo walikuwa wamekula kwa Nahimana. Mmoja wao alikuwa amevaa misuko yake wakati huo huo.

"Mimi natoka kambini, ndiyo," Nahimana akasema. Sauti yake haikupanda. "Na vitana yangu nachemsha, kila siku, hata sasa maji hakuna. Ninyi mnajua. Mnakaa pale kwangu, mnaona sufuria iko kwa moto."

"Hakuna anayekulaumu, Mama Tania," Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulaumu. "Ni taratibu tu. Vitana na nywele zote za kusukia zikusanywe zitupwe. Mchana kamati itakaa, kisha nitatuma tangazo la sauti kwa makanisa yetu yote, Silver Spring, Rockville, kote, ili watu wajihadhari. Ni kwa nia njema."

Hapo ndipo Nkatha angesema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, haikuzidi maneno manne. Lakini Pasaka iliyopita, baada ya mkasa wa kipaza sauti cha kanisa na sauti ya jogoo katikati ya maombi, mama yake alikuwa ameketi naye kitandani akamwambia bila hasira: mchezo mmoja tena, Nkatha, na utarudi Meru kwa shangazi yako, utamaliza shule huko. Makena hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Basi Nkatha akajiambia kwamba mambo yatapoa yenyewe. Kamati za Wakenya huwa zinapoa zenyewe.

Haikupoa. Mwalimu Simiyu akaangaza macho kutafuta mtu wa kuaminika wa kwenda kukusanya vitana, na macho yake yakatua juu ya uso mtiifu kuliko wote.

"Nkatha! Mtoto wa shule ya bweni. Huyu anajua nidhamu ni nini. Vaa glavu."

Akavaa glavu. Akapanda ngazi na mfuko mweusi wa taka, akapiga hodi. Tania alifungua, akautazama mfuko, akaacha mlango wazi, akarudi na trei.

Alimpa kimoja kimoja. Vya plastiki vyenye meno mapana, chenye mkia wa chuma cha kuchora mistari, vile vidogo vya watoto. Nkatha alivipokea na kuvitia mfukoni, na kila kimoja kilitoa mlio mdogo kikigonga chenzake.

"Hiki cha mbao ni cha bibi," Tania akasema. "Kilitoka Burundi, kikapita kambini, kikafika hapa."

"Manze, kifiche. Sitasema."

"Tukificha, watasema tunaficha chawa." Akakitia mwenyewe ndani ya mfuko wa taka. "Wewe si uliona? Walikuwa kweli mingi?"

Nkatha aliangalia glavu zake. "Sikuwa karibu," akasema.

"Akituma ile sauti, harusi imekwisha. Mama anakaa tu kwa kitanda. Hata halii."

Mchana kamati ikakaa chini ya hema, na kwa kuwa kamati haikai na njaa, kulikuwa na chapati na mchuzi wa kuku. Ili kuokoa maji, likazungushwa beseni moja la kunawia. Mwenyekiti alinawa kwanza, kisha makamu, kisha mlezi, na kila aliyefuata alinawa ndani ya uchafu wa mikono ya waliomtangulia, hadi maji yakafanana na mchuzi wenyewe. Baba wa watoto wa ghorofa ya tatu alinawa katikati. Wakala, wakashukuru, wakaingia kwenye ajenda ya usafi.

Nahimana aliitwa, akaja, akasimama. Hakupewa kiti. Hakuna aliyemkataza kukaa, lakini kila kiti kilikuwa ghafla na mkoba juu yake.

Nkatha alijaribu. Alijaribu kwa njia alizozijua, yaani zote isipokuwa ile moja. Aliinua mkono kwa adabu akauliza kama vielelezo visingeweza kuwa mba. Mwalimu akamwambia mba haina tumbo. Akauliza kama haingefaa kumngoja daktari. Mwalimu akasema daktari mwenyewe angetaka tahadhari itangulie. Akajitolea kuushika mfuko wa vielelezo ili Mzee Gahungu apumzike, na Mzee Gahungu akamshukuru, akasema mjukuu wangu una roho nzuri, lakini hakuuachia.

"Basi," Mwalimu akasema, akaitoa simu, akaishika mbele ya mdomo kama mtu anayetaka kuibusu. "Tangazo. Nyamazeni."

"Mwalimu," Nahimana akasema. "Niachie hii wiki moja. Harusi ipite, kisha utangaze unachotaka. Nakuomba mbele ya watu."

"Mama Tania, ugonjwa haungoji harusi." Akabonyeza. "Ndugu zangu katika Kristo, popote mlipo, Silver Spring na vitongoji vyake. Kwa masikitiko makubwa nawajulisha kuhusu msusi mmoja wa hapa kwetu, anayeitwa—"

Nkatha alikuwa amefika mezani kabla hajajua kwamba amesimama. Aliunyakua mfuko mkononi mwa Mzee Gahungu, akaupasua kwa meno, akamimina vielelezo vyote kiganjani, akavitupa mdomoni.

Hema lote likasema "Yesu!" kwa sauti moja.

Akatafuna. Alitafuna polepole, macho yamemtoka, na katika ukimya ule kila mtu alisikia vile vitu vikipasuka katikati ya meno yake. Mwanamke mmoja alikimbilia nyuma ya gari lake akatapika chapati. Mama Ethan alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kidole cha Mwalimu kiliteleza, tangazo likafutika, na hakuna aliyelikumbuka.

"Ni simsim," Nkatha akasema, akameza. "Simsim tu. Imekaangwa. Mama Ethan hana chawa, na Mama Tania hana chawa. Yeyote asiyeamini aonje, zimebaki mbili hapa."

Mzee Gahungu, taratibu, akachukua moja kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini. Akafikiri. "Simsim," akasema. "Nzuri."

Kicheko kikaanzia nyuma, kikapita hema zima, kicheko cha watu wanaotaka kusahau haraka walichosema asubuhi. Tayari kulikuwa na mtu anayempa Nahimana kiti. Kwa kitambo kidogo Nkatha alidhani kwamba amevuka. Alikuwa shujaa, tena shujaa wa aina yake, aliyekula chawa kwa ajili ya jirani. Uso wa mazikoni ulikuwa unarudi mahali pake.

"Nkatha."

Mama yake alikuwa amesimama ukingoni mwa hema, ametoka ghorofa ya tatu kwa wale watoto, ndoo yenye kifuniko mkononi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Umejuaje kwamba ni simsim?"

"Nimeonja, Mama."

"Mtu haonji chawa kwa kubahatisha. Ulijua kabla hujaupasua huo mfuko." Aliweka ndoo chini. "Umejuaje?"

Nkatha alitafuta uso wowote katika zile alizokuwa nazo. Wa utiifu, wa majonzi, wa mtoto asiyeelewa swali. Hakuna uliokaa. Akamwangalia Mwalimu Simiyu, kisha Mama Ethan, na mwisho Nahimana, ambaye bado alikuwa hajakalia kile kiti.

"Ni mimi niliyeziweka," akasema. "Niliziweka kwenye kofia ya Mwalimu asubuhi, nikipangusa meza. Nilitaka zionekane kwenye kipara chake watu wacheke. Mama Ethan akaichukua. Sikutaka ziende kwako, Mama Tania, lakini zilipokuja kwako nilinyamaza."

Hakuna aliyecheka, hata kwa kipara.

Tania alisogea mbele. Macho yake yalikuwa makavu. "Ulipokuja kwetu na glavu," akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakupa kimoja kimoja."

"Nilijua, Tania. Uliponiuliza kama walikuwa wengi, nilijua pia. Niliogopa kurudishwa Meru. Nikaona heri mama yako apoteze harusi kuliko mimi kurudishwa Meru. Ndivyo nilivyofikiri. Hakuna kingine."